Nani Alipe Gharama ya Nuru? Historia ya Ufuatiliaji wa Miale katika Michezo ya Kompyuta, 1968–2025

Ufuatiliaji wa miale ni mbinu ya kuchora picha kwa kompyuta kwa kuiga safari ya nuru. Kutoka katika kila pikseli ya skrini, programu hutuma mwale katika mandhari iliyobuniwa, hutafuta kitu cha kwanza kinachoguswa na mwale huo, kisha hukokotoa mwanga, kivuli na taswira zinazoakisiwa mahali hapo. Makala haya yanafuatilia historia ya mbinu hiyo kutoka maabara hadi sebuleni, na yanajenga hoja kwamba gharama yake haijawahi kufutwa. Kila kizazi kimeihamisha kutoka kwa mlipaji mmoja hadi kwa mwingine.

Mwaka 1968 Arthur Appel wa kampuni ya IBM alieleza namna ya kutumia miale kubaini vivuli vya maumbo. Turner Whitted, mtafiti wa Bell Labs, aliliendeleza wazo hilo katika kazi iliyochapishwa mwaka 1980. Kwake mwale haukukoma ulipogonga kitu, bali ulizaa miale mingine: ya uakisi, ya kupinda kwa nuru ndani ya kioo, na ya kivuli. Picha yake maarufu ya matufe juu ya sakafu ya miraba, yenye pikseli 640 kwa 480, iliichukua kompyuta ya VAX-11/780 dakika 74. Whitted alibaini pia kwamba sehemu kubwa ya muda, kuanzia asilimia 75 katika mandhari sahili hadi asilimia 95 katika zile tata, ilitumika kutafuta mahali mwale unapokutana na kitu. Mwaka 1986 James Kajiya alitoa mlinganyo uliojumuisha nuru yote inayodunda kati ya vitu. Picha zikakaribia uhalisia zaidi, lakini kila pikseli sasa ilidai miale mingi mno.

Watengenezaji wa filamu waliweza kuivumilia gharama hiyo, kwa kuwa mtazamaji huletewa picha ikiwa imekamilika, hata kama kila fremu ilikokotolewa kwa saa kadhaa. Mchezo hauna nafasi hiyo. Ili uoneshe fremu 60 kwa sekunde, kila fremu sharti ikamilike ndani ya milisekunde 16.7. Katika skrini ya pikseli 1920 kwa 1080, mwale mmoja tu kwa kila pikseli ni sawa na miale zaidi ya milioni 124 kwa sekunde, kabla ya kuhesabu ile ya vivuli na uakisi.

Kwa sababu hiyo michezo ilishika njia nyingine. Maumbo yaligawanywa katika pembetatu, na kila pembetatu ikapakwa rangi kwenye skrini bila kuzingatia zilizo jirani nayo. Njia hiyo ilikuwa na kasi kubwa, lakini vivuli na uakisi vililazimika kuigizwa kwa hila. Katika mchezo wa Quake wa mwaka 1996, mwanga wa kuta ulikokotolewa mapema na kuhifadhiwa pamoja na mchezo. Gharama ya nuru ililipwa na studio, kwa saa za wasanii na mashine zake. Mchezaji alipokea matokeo yaliyo tayari, ingawa mwanga huo haukuweza kubadilika kikamilifu pamoja na mandhari.

Mabadiliko yalikuja mwaka 2018. Mwezi Machi Microsoft ilitangaza kiolesura cha ufuatiliaji wa miale kwa mfumo wa Windows. Katika kipindi hichohicho Epic Games ilionesha filamu fupi iliyochorwa papo hapo, ikiendeshwa na vichakataji vinne vya michoro ambavyo mchezaji wa kawaida hangeweza kuvimudu. Mwezi Agosti Nvidia ilizindua kadi za GeForce RTX, zenye sehemu maalumu ya kutafuta makutano ya miale na pembetatu. Hiyo ndiyo kazi ileile ambayo Whitted aliitaja miaka 38 kabla. Hata hivyo, mchezo wa Battlefield V ulipopata uakisi wa miale mwezi Novemba, idadi ya fremu kwa sekunde ilishuka kwa nusu au zaidi katika baadhi ya mipangilio, na watengenezaji walilazimika kutoa marekebisho mwezi Desemba.

Nafuu ilipatikana kwa makisio. Programu hutuma miale michache, hupata picha yenye chenga, kisha huzisafisha. Aidha, picha hukokotolewa ikiwa ndogo na kukuzwa kwa akili mnemba: kutoka pikseli 1920 kwa 1080 hadi 3840 kwa 2160, robo moja tu ya pikseli ndiyo iliyokokotolewa. Hapa gharama ililipwa kwa usahihi wa picha yenyewe.

Kwa muda, mchezaji alibaki na uamuzi. Katika Spider-Man: Miles Morales ya mwaka 2020, mashine ya PlayStation 5 ilimpa uchaguzi kati ya uakisi wa miale kwa fremu 30 na fremu 60 bila uakisi huo. Toleo jipya la Metro Exodus la mwaka 2021 liliondoa uchaguzi huo kwa watumiaji wa kompyuta, na Indiana Jones and the Great Circle ya mwaka 2024 pamoja na Doom: The Dark Ages ya mwaka 2025 zikafuata: asiye na kadi yenye uwezo wa miale hawezi kucheza.

Ni haki kutambua kwamba Indiana Jones huendeshwa kwa fremu 60 kwenye Xbox Series X. Mchezo uliosanifiwa kwa miale tangu mwanzo unaweza kuwa na kasi. Studio nayo huepuka kazi ndefu ya kuandaa mwanga mapema, na msanii huona papo hapo athari ya taa aliyoisogeza. Lakini kazi iliyokuwa ikifanywa mara moja studioni sasa hufanywa upya katika kila nyumba, kwa kila fremu, kwa kadi na umeme ulionunuliwa na mchezaji. Dakika 74 za Whitted zimekuwa sehemu ya sekunde. Kilichobadilika pamoja nazo ni mkono unaotoa malipo.