Lile ua la zambarau la Naivasha si la kwetu

Wasee wa Kikopey, leo tuongee maua. Wikendi watu wanakula choma hapa kwetu, wanashika barabara hadi Naivasha, kisha wanaposti ua la zambarau ati "urembo wa ziwa letu." Hilo ni gugu maji. Kwao ni Amerika Kusini, bonde la Amazon.

Chuo niliacha, kusoma sikuacha, kwa hivyo nisikizeni kidogo. Ua hili lilizungushwa duniani na watu waliolipendea sura, wakalipanda kwenye vidimbwi vya bustani. Naivasha lilionekana 1988, na lilikuta njia imeshafunguliwa. Miaka ya 1960 gugu lingine la Amerika Kusini, salvinia, lilikuwa limetanda pale. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wa maji baridi wa kutoka Louisiana, Marekani, ndio wavuliwe kwa biashara. Hao kamba wakala mimea ya ziwa, hata yungiyungi wetu wa samawati.

Usichanganye hayo mawili. Jani la yungiyungi limelala juu ya maji na lina mpasuko. Gugu maji linasimama: majani yanang'aa, shina limevimba kama puto, petali ya juu ina doa la manjano.

Shida yake? Likipata joto na mbolea, linaweza kujizidisha mara mbili ndani ya wiki mbili hivi. Linafunika maji, mwanga haupiti, hewa inapungua, samaki wanakosa pumzi. Boti za wavuvi zinakwama. Ukiling'oa, mbegu zake hubaki hai kwenye matope miaka mingi.

Miaka ya 1990 waliletwa fukusi wa kulila. Wanasaidia, lakini hawawezi kushindana na mbolea inayosombwa kutoka mashambani na uchafu wa mji. Hapo ndipo naona tunajidanganya: tunapiga vita gugu huku tunalilisha. Tunauza waridi Ulaya, halafu ziwa linabaki kulea ua lisilo na mnunuzi.

Elementaita yetu imepona kwa sababu ni ya magadi, gugu maji haliwezi chumvi. Hiyo ni bahati tu, si kazi yetu. Kwa hivyo piga picha, sawa, lakini usibebe hata mche mmoja wa kupamba kidimbwi chako. Hivyo ndivyo safari yake yote ilianza.