Sataranji: angalia mbele ya kugusa kete

"Rudisha, rudisha, sikuona!" Kwenye dame ya vizibo vya chupa, neno hilo tunalizoea, na kati ya marafiki mtu anarudishiwa. Kwa sataranji, ule mchezo ambao kwetu wengi wanauita kwa Kifaransa eshek, hakuna rudisha. Sheria ya FIDE, shirikisho la dunia, inasema kete uliyoigusa kwa nia ya kuicheza, ndiyo utaicheza. Basi kuangalia kunafanyika wakati mkono ungali juu ya goti.

Msidhani ni makosa ya wanaoanza tu. Tarehe 27 Novemba 2006, mjini Bonn, Ujerumani, bingwa wa dunia Vladimir Kramnik alikuwa anapambana na programu ya kompyuta, Deep Fritz. Alisogeza malkia wake akitaka wabadilishane malkia. Kumbe malkia wa kompyuta aliweza kuingia pembeni ya mfalme wake, analindwa na farasi, na mchezo ukaisha palepale. Hatua moja tu! Hata mtoto aliyejifunza juzi angeiona. Kramnik alikuwa anahesabu mbali, akasahau karibu.

Ndivyo inavyotokea kwetu pia. Tukiisha kupenda hatua fulani, hatuitazami tena. Tunangoja tu zamu. Kwa hiyo, ukiisha kuchagua, hamia upande wa mwenzako kwa akili. Yeye anaweza kutisha mfalme wangu wapi? Anaweza kula nini bure? Na hii ndiyo inasahaulika zaidi: kete ninayoitoa pale, ilikuwa inalinda nini? Farasi anaruka vizuri mbele, na nyuma anaacha mlango wazi.

Kubadilishana kete nako kunadanganya, juu kunaonekana ni salama. Tarehe 12 Desemba 2024, kule Singapore, Ding Liren wa China na Gukesh wa India walikuwa sawa, pointi 6.5 kwa 6.5, katika mchezo wa mwisho wa ubingwa wa dunia. Wakitoka sare, wangecheza michezo ya haraka kesho yake. Ding akatoa mnara wake wabadilishane. Hakuona kwamba baada ya minara, Gukesh angelazimisha pia wabadilishane zile kete za kwenda mshazari, na wangebaki wafalme na pioni tu, Gukesh akiwa na pioni moja zaidi. Kwa hatua hiyo taji lilihama, likaenda kwa kijana wa miaka 18.

Zamani Mrusi mmoja, Benjamin Blumenfeld, alishauri mchezaji aandike hatua kwanza kwenye karatasi, kiisha atazame ubao upya kama mgeni aliyefika sasa hivi. Leo katika mashindano sheria inakataza kuandika mbele ya kucheza. Lakini nyumbani, wakati wa mazoezi, hakuna refa: chukua kalamu, andika, inua macho, halafu ndio ucheze.