Kamera Ikizama, Picha Isizikwe

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Ni kweli kabisa. Lakini leo napenda tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hulitolea hukumu kabla ya kulisikiliza: kamera ndogo ikitumbukia majini, je, na picha zilizomo zimekufa?

Nianzie nyumbani Mungaa, mkoani Singida. Kwetu mvua huja kwa msimu mmoja, na miaka mingi kilio chetu ni uchache wake. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilikuwa kinyume. Makorongo tuliyozoea kuyavuka kwa miguu mikavu yalifurika. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi. Baba yangu mdogo alikuwa mpiga picha wa kijijini, akizunguka kwa baiskeli kwenye harusi, ubatizo na misiba, na kamera yake ndogo ya Kijapani yenye flashi. Jioni moja aliteleza korongoni, baiskeli ikalala, na kamera ikazama katika maji ya tope.

Ndani ya kamera ile mlikuwa na picha ya bibi yetu, iliyopigwa Jumapili iliyotangulia akiwa amekaa mlangoni, ungo wa uwele magotini. Bibi alikuwa mgonjwa, na hapakuwa na picha yake nyingine duniani.

Majirani walikuja na ushauri. Huyu akasema kamera iwekwe karibu na moto, yule akasema ifukiwe ndani ya uwele. Mzee mmoja, aliyewahi kufanya kazi katika studio ya picha mjini, akawazuia. "Kamera na picha ni vitu viwili," alisema. "Mnataka kuokoa kipi?"

Ili kulielewa swali lile, hatuna budi kurudi nyuma kidogo katika historia. Kazi ya picha ilikulia majini. Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alitangaza njia ya kupiga picha kwa sahani ya kioo iliyopakwa dawa, na sahani hiyo ilipaswa kupigwa na kusafishwa ingali mbichi, kwa muda wa dakika chache tu. James Grant, mwenzake John Speke, alipiga picha Unguja mwaka 1860. Lakini katika safari ya bara aliiacha kazi hiyo akashika penseli na rangi za maji, kwa kuwa joto la ndani ya hema dogo la kutengenezea sahani lilikuwa la kuua mtu.

Baadaye ikaja filamu. Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani aliuza kamera yake ya kwanza ya Kodak, na mwaka 1900 ikafuata Brownie, iliyouzwa kwa dola moja. Filamu ni ukanda uliopakwa jelatini, itokanayo na mifupa na ngozi za wanyama, ambayo imeshika chembe za chumvi ya fedha. Sisi Waswahili husema "kusafisha picha", na neno hilo halikukosea: filamu hutiwa dawa za majimaji, kisha huoshwa kwa maji mengi. Kumbe maji si mgeni kwake. Hatari ni kuiacha ikauke ikiwa imezongwa. Jelatini iliyolowa hulainika, na ikikaukia hivyo hugandana kama gundi. Ukiivuta, picha inabanduka.

Ushahidi upo. Barafu ilipoivunja meli ya Endurance katika bahari ya Antaktika mwaka 1915, mpiga picha Frank Hurley alijitosa katika maji ya barafu yaliyojaa melini akazitoa sahani zake, zilizokuwa katika makasha ya bati yaliyolehemewa. Akachagua zipatazo 120, na nyingine kama 400 akazivunja kwa kuwa hazikubebeka. Huko kaskazini, Waswidi watatu wakiongozwa na Salomon Andrée waliondoka kwa puto kuelekea Ncha ya Kaskazini mwezi Julai 1897, wasirudi. Mabaki yao yalionekana mwaka 1930, pamoja na filamu zilizolala miaka 33 katika barafu na unyevu. Fundi John Hertzberg wa Stockholm alizisafisha kwa subira, na kati ya picha 240 akaokoa 93.

Turudi Mungaa. Usiku ule mzee alijifunika mablanketi mawili, akafungua kamera gizani, akaitoa filamu bila kuifuta wala kuikausha. Akaitumbukiza katika kopo la maziwa ya unga lililojaa maji safi, akafunga kifuniko. Kulipokucha baba mdogo alianza safari ya Singida mjini. Ilikuwa filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, na fundi wa huko, baada ya kusita, alikubali kuisafisha kwa mkono. Kati ya picha 36, zilitoka 11. Bibi alikuwamo, na doa kama wingu begani.

Kamera yenyewe haikupona. Hapa ndipo historia inapogeuka. Kamera ndogo ya Olympus Trip 35, iliyotoka mwaka 1967, haikuhitaji betri, kwani kipimo chake cha mwanga kilijiendesha kwa mwanga wenyewe. Mwaka 1975 Konica ikatoa kamera ndogo yenye flashi ndani yake, na nyingine za namna hiyo zikafuata. Umeme ulirahisisha kazi, lakini ukaleta udhaifu. Maji machafu yakikutana na umeme wa betri, shaba ya ndani huliwa na kutu ya kijani. Aidha, flashi huweka akiba ya umeme inayofikia volti 300 hivi, kwa hiyo asiye fundi asiifungue.

Leo kamera imehamia ndani ya simu, lakini swali la mzee halijazeeka. Chombo kikizama, kizime na usijaribu kukiwasha. Kama betri inatoka, itoe. Haraka haraka haina baraka. Usikifukie ndani ya mchele: mwaka 2024 kampuni ya Apple iliwaonya wateja wake kwamba chembe za mchele zinaweza kuidhuru simu. Kiache penye hewa. Na kama kina kadi ya kumbukumbu, itoe, ikauke, uijaribu katika chombo kingine. Mara nyingi kadi hupona hata kamera ikifa.

Bibi alifariki wiki tatu baada ya picha ile kufika. Baba mdogo alitoa nakala tano, akazigawa kwa watoto wake Bibi, kila mmoja na yake. Nyumba mbili kati ya hizo zimepoteza nakala zao, moja kwa moto na moja kwa mchwa. Tatu zipo. Nawe, mpenzi msikilizaji, ya kwako umeweka ngapi, na wapi?