Ndimi Zilizoiokoa Bia

Mezani pana glasi ndogo sita na chupa mbili za kahawia. Aliyezileta anaeleza amezinunua wapi, kwa bei gani, na zilitiwa bia tarehe ipi. Anammiminia kila mtu vidole viwili tu. Hakuna anayekimbilia kunywa. Wanatazama rangi na povu, wanazungusha glasi, wanapeleka pua. Mmoja anasema anasikia ganda la chungwa. Mwenzake anabisha, ni msonobari. Ndipo wanapoonja.

Baraza za namna hii leo zimeenea Ulaya na Marekani, na mtu anaweza kudhani ni anasa ya watu wenye nafasi. Sivyo. Zina mizizi katika hasira.

Mwaka 1971 Waingereza wanne, Michael Hardman, Graham Lees, Jim Makin na Bill Mellor, walikuwa likizoni Ireland. Wakiwa katika baa ya Kruger's, kijijini Dunquin huko Kerry, waliunda chama cha kutetea bia ya jadi ya kwao. Kampuni kubwa zilikuwa zikimeza viwanda vidogo na kujaza baa bia iliyochujwa, ikapashwa moto hadi hamira ikafa, kisha ikasukumwa kwa gesi. Bia ya jadi huendelea kuchacha ndani ya pipa hadi inapofika kwenye glasi, kama tembo la mnazi linavyobadilika toka asubuhi mpaka jioni. Ni kinywaji kilicho hai, na mwenye baa asiyejua kukitunza hukiharibu.

Chama hicho, kinachojulikana kama CAMRA, kilishika kalamu. Mwongozo wake wa baa wa mwaka 1974 ulitaja wazi nani anapika bia njema na nani hapana. Kuhusu kampuni kubwa ya Watneys, waandishi waliwaonya wasomaji waikwepe kama tauni. Wachapishaji wakaingiwa na hofu, na maneno hayo yakalegezwa kabla kitabu hakijafika madukani. Mnywaji wa kawaida alikuwa ameandika alichokionja, na kampuni kubwa ikawa na sababu ya kumsikiliza.

Lakini kuonja kunahitaji msamiati, na hapo ndipo ninapomheshimu Michael Jackson. Simsemi mwimbaji wa Marekani. Huyu alikuwa mwandishi wa habari kutoka Yorkshire. Kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu bia za dunia kilizipanga kwa jamii zake: zilikotoka, zinavyopikwa, zinavyonukia. Alizitendea haki bia za Ubelgiji, ambazo wengi nje ya nchi hiyo hawakuzijua. Kwa maoni yangu hakuna aliyewafundisha wanywaji wengi kuliko yeye. Aliyemsoma aliweza kusema kwa nini bia fulani imemgusa, na kwa nini nyingine imeharibika. Chukua mfano wa chupa ya kahawia: rangi ile si pambo. Mwanga ukiipiga bia, hopi, yaani maua yanayoipa uchungu wake, hubadilika na kinywaji kikanuka kama kicheche. Anayelijua hilo hanunui chupa iliyoanikwa dirishani.

Marekani ilikuwa na kazi kubwa zaidi. Marufuku ya pombe iliondolewa mwaka 1933, lakini sheria ya nchi haikuruhusu kupika bia nyumbani hadi Rais Jimmy Carter alipotia saini mabadiliko mwezi Oktoba 1978. Watu hawakungoja. Klabu ya Maltose Falcons ilianzishwa Los Angeles mwaka 1974, wanachama wakipeana bia walizopika na kuambiana ukweli. Jack McAuliffe, aliyeonja bia za Uingereza alipokuwa mwanamaji huko Uskoti, alifungua kiwanda kidogo cha New Albion mjini Sonoma mwaka 1976. Kilikufa mapema miaka ya 1980 kwa kukosa mtaji. Hata hivyo, Ken Grossman alikuwa amekitembelea, na mwaka 1980 akaanza kupika Sierra Nevada huko Chico, bia yenye hopi za Cascade zinazonukia balungi. Wakati huo viwanda vya bia nchini humo havikufika 100. Leo vimepita 9,000.

Sifa nazo huelemea. Mwaka 2005 wapenzi wa bia walipoitangaza Westvleteren 12 kuwa bora duniani, magari yalipanga foleni nje ya monasteri inayoipika, ya Mtakatifu Sixtus, Ubelgiji. Bia ikaisha. Watawa walikataa kuongeza uzalishaji. Wao hupika ili wapate riziki ya kuendeleza maisha ya sala, wala hawatafuti utajiri. Kwa miaka mingi aliyeitaka alilazimika kupiga simu, ataje namba ya gari lake, kisha aende mwenyewe kuchukua kreti zake siku aliyopangiwa. Chupa hazikuwa na lebo, ulizitambua kwa vizibo: cha njano ndiyo 12, cha buluu ndiyo bia yao nyingine, 8.

Sharti moja watawa wamelishikilia: mnunuzi asiiuze tena. Ainywe, au aigawe mezani.