Tanzanite (sayari)

Tanzanite ni sayari kubwa ya gesi inayoizunguka nyota Mpingo katika kundinyota la Ketusi, yaani Nyangumi, umbali wa zaidi ya miaka-nuru 1,000 kutoka duniani. Katika orodha za wanaastronomia nyota hiyo huandikwa WASP-71 na sayari yake WASP-71b. Majina ya Kitanzania yalitangazwa Desemba 2019, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipoadhimisha miaka 100 kwa kuigawia kila nchi shiriki nyota moja yenye sayari, nyota inayoweza kuonekana kutoka nchini humo kwa darubini ndogo. Kenya ilichagua Kalausi na Buru, maneno ya Kijaluo ya kimbunga na vumbi. Ethiopia ikapeleka kahawa yake mbinguni: Buna na Abol.

Ugunduzi

Hakuna aliyewahi kuiona Tanzanite. Kilichoonekana ni kivuli chake. Kamera za mradi wa WASP, zilizowekwa La Palma katika Visiwa vya Kanari na Sutherland huko Afrika Kusini, zilikuwa zikipima mng'ao wa nyota nyingi kwa mpigo, usiku baada ya usiku. Nyota hii ikabainika kufifia kwa chini ya nusu ya asilimia moja, muda wa saa tano hivi, kisha kurudia hali hiyo kila baada ya siku 2.9. Kufifia peke yake si ushahidi, kwani hata nyota mbili zinazopishana hupunguziana mwanga. Ilibidi darubini ya La Silla, nchini Chile, ipime jinsi nyota inavyoyumba kwa kuvutwa na kitu kisichoonekana, na hapo uzito wa kitu hicho ukajulikana. Makala ya ugunduzi ilichapishwa mwaka 2013.

Umbile

Uzito wake ni zaidi kidogo ya mara mbili ya ule wa Mshtarii, na upana wake karibu mara moja na nusu. Imevimba kwa joto. Iko kama kilomita milioni 7 tu kutoka kwa nyota yake, ilhali Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na Jua letu, iko wastani wa kilomita milioni 58. Mwaka wake haufiki siku tatu, na joto lake hukadiriwa kupita nyuzi 1,500 za Selsiasi. Inadhaniwa kuwa upande mmoja huikabili nyota daima, hivyo huko hakuna machweo.

Mpingo yenyewe ni ya ukoo wa Jua, ila imelizidi kwa joto na umri wake wa ujana umeshapita. Imeanza kututumka, na upana wake sasa ni zaidi ya mara mbili ya ule wa Jua.

Majina

Kuiita nyota kwa jina la mti wenye kiini cheusi ni jambo la ajabu kidogo, na mwandishi wa makala haya angeyapenda majina hayo zaidi kama yangebadilishana nafasi. Hata hivyo jina la sayari lina usahihi ambao huenda haukukusudiwa. Tanzanite, kito kilichogunduliwa Mererani mwaka 1967, mara nyingi huchimbwa kikiwa na rangi ya kahawia, kikapata ubuluu wake baada ya kuchomwa tanuruni kwa nyuzi mia kadhaa. Sayari iliyopewa jina lake haitoki tanuruni kamwe. Mpingo nao ni mti mzito: kipande cha kiini chake kikidondoka majini, kitazama kama jiwe. Sayari, kwa kadiri ya ujazo wake, ina uzito unaokaribia ule wa maji tu.

Kuonekana kutoka Zinga

Pwani ya Bagamoyo ni mahali pazuri pa kuitafuta nyota hii. Zinga, iliyo kwenye pwani hiyo, iko karibu nyuzi 6 na nusu kusini mwa ikweta, na Mpingo iko chini ya nyuzi moja kaskazini mwa ikweta ya anga, kwa hiyo hupita karibu na utosi, ikiegemea kaskazini kwa kiasi cha vidole vinne vya mkono ulionyooshwa. Mwanga wa Dar es Salaam unaofifisha anga uko upande wa kusini, hivyo hausumbui sana. Wakati mwafaka ni Desemba, mnamo saa tatu usiku, mawingu ya vuli yakishapungua, Kilimia kikiwa juu kaskazini-mashariki. Kwa macho matupu haionekani, maana ni hafifu zaidi ya mara 50 kuliko nyota dhaifu kabisa tunayoweza kuiona. Alama ya kuanzia ni Alrescha, nyota ya kundinyota la Samaki iliyo jirani yake, kisha darubini ya kipenyo cha sentimita 10 hutosha.

Mwanga utakaoingia darubinini uliondoka huko kabla ya kujengwa kwa msikiti wa mawe ambao magofu yake yako Kaole, karibu na Bagamoyo, na hukadiriwa kuwa ya karne ya 13.

Kufifia kwenyewe kunahitaji kamera ya kupimia mwanga, pamoja na subira ya mvuvi anayehesabu bamvua. Kila baada ya siku tatu hutangulia kwa saa mbili na dakika ishirini hivi, kwa hiyo huangukia mchana kwa mizunguko kadhaa mfululizo kabla ya kurudi usiku.