Neno "Guerrilla": Vita au Mpiganaji?

Katika Kiingereza, neno "guerrilla" humtaja mpiganaji asiye wa jeshi la kawaida. Lakini katika Kihispania, lilikotoka, maana yake ya asili ni "vita vidogo": "guerra" ni vita, na kiambishi tamati "-illa" huonyesha udogo. Mpiganaji mwenyewe huitwa "guerrillero".

Majeshi ya Napoleon yalipoivamia Hispania mwaka 1808, wananchi waliunda vikosi vidogo vidogo vilivyoshambulia misafara na matarishi wa adui, kisha vikatoweka. Waingereza, waliopigana upande wa Wahispania hadi 1814, walilichukua neno hilo. Mwaka 1809 Wellington alikwisha kulitumia kwa maana ya wapiganaji. Hivyo jina la vita likawa jina la watu.

Kwetu sisi, kuandika "gorila" ni kumpa mpiganaji jina la mnyama. Istilahi "vita vya msituni" yaeleweka, lakini yataja mahali, na vita hivyo hupiganwa pia milimani na mijini. Pale ambapo msitu haumo katika habari, twapendekeza "vita vya kuvizia". Mfasiri na ajiulize kwanza: matini yasema juu ya vita, au juu ya mtu?