Melos, Samos na Hesabu ya Hofu

Mwaka 416 KK jeshi la Athene lilishuka Melos, kisiwa kidogo kilichotaka kukaa kando ya vita vya Athene na Sparta. Wajumbe wa Athene waliwaambia wakuu wa kisiwa waache habari za haki, watazame nani ana nguvu. Wamelos wakakataa, wakazingirwa, hatimaye wakasalimu amri: wanaume waliokamatwa waliuawa, wanawake na watoto wakauzwa utumwani. Kisa hicho, kilichoandikwa na Thucydides, jenerali wa Athene aliyeishia uhamishoni, hufundishwa hadi leo kwa wanaosomea uhusiano wa kimataifa, mara nyingi kuthibitisha kwamba kati ya madola, mwenye nguvu mpishe.

Wanaokisoma hivyo huishia njiani. Wajumbe wale walitoa pia sababu ya kisiasa: kisiwa kikiachwa huru, miji inayoilipa Athene kodi itadhani imelegea, nayo itaasi. Basi tuipime hoja yao kwa kipimo chao wenyewe. Mwaka 413 KK jeshi la Athene liliteketea Sisilia. Mateka wapatao 7,000 walisongamana katika machimbo ya mawe ya Syracuse, mji wa kisiwa hicho, kila mmoja akipimiwa kama robo lita ya maji kwa siku. Mwaka uliofuata Chios, mshirika mwenye manowari zake mwenyewe, iliasi. Miletus ikafuata. Mauaji ya Melos hayakuwa yamemzuia yeyote.

Atatokea wa kusema kwamba Athene iliangushwa na makosa ya vita, si na Melos. Ni kweli kwamba Nicias, jenerali wa Athene, aliahirisha kuondoka Syracuse kwa sababu ya kupatwa kwa mwezi, na kwamba fedha za Uajemi ndizo zilizoipa Sparta manowari. Lakini kushindwa vitani humpata kila mkubwa. Linalobaki ni nani atasimama naye siku hiyo, na hapo hofu haisaidii kitu. Kisiwa cha Samos kilisimama na Athene. Wananchi wake walikuwa wameyapindua matabaka ya juu, na Athene, kwa mara moja ikiwa na busara, ikawaachia wajitawale. Walikuwa na maslahi yao, bila shaka, ila ni maslahi yaliyohitaji Athene iwepo.

Manowari za Athene zilipotekwa Aegospotami mwaka 405 KK, mwanahistoria Xenophon anasimulia kwamba mji mzima ulikesha ukilia, ukihofia kutendewa ulivyowatendea Wamelos. Washirika wote waliihama Athene isipokuwa Samos, na Waathene wakawapa Wasamos uraia wa Athene.